Njia Aliyotukatia Babu Yako

Kemunto mwanangu,

Hali yako sikuulizi. Umetoka hapa kabla ya mvua kuanza, ukaenda Keroka kuchukua sanduku lako kwa fundi, na nyayo zako bado ziko kwenye tope la mlangoni. Mvua inapiga mabati hata sisikii ng'ombe. Chai haichumiki kwa mvua ya namna hii, kwa hiyo nimepata nafasi ya kukaa, kitu ambacho unajua sikipati mara nyingi.

Sitakuandikia habari za sweta wala za kuchemsha maji ya kunywa. Shangazi yako ameshakuambia hayo, na kesho atayarudia. Nakuandikia kwa sababu ya neno ulilosema jana tukila, nilipokuomba uende ukamuage babu yako kabla ya safari. Ulisema, "Mama, mimi simuagi mtu aliyemwua baba." Ukaendelea kula. Mimi nikainuka kwenda kuangalia moto ambao haukuwa na shida yoyote.

Naandika kwa Kiswahili kwa kuwa ndicho nilichofundishwa kuandika katika yale madarasa yangu machache. Tena kwa Kigusii maneno haya yanakataa kutoka. Kuna watu ndani yake ambao mwanamke aliyeolewa hapa hatakiwi kuwataja hivi nitakavyowataja.

Kwanza nianze na kazi yako, kwa maana nimekuona unavyotembea humu ndani tangu upate majibu, kama mtu aliyevishwa nguo ya mwenzake. Msaidizi wa msimamizi wa mradi wa maji, huko Ukambani. Unalitamka jina hilo polepole kama mtu aliyebeba yai. Uliniambia yule bwana mkubwa alikuuliza, "Umewahi kusimamia nini?" nawe ukamjibu, "Sijawahi kusimamia kitu, bwana. Nimefanya kazi za nyumbani, na nimemsaidia karani wa chai." Ulinisimulia ukicheka, lakini usiku huo hukula.

Ulimjibu kwa heshima, ila hukumjibu kweli. Mimi nilikuona ukisimamia.

Unakumbuka wakati ule nilipolala kwa homa mpaka nikashindwa kusimama. Ulikuwa umefunga shule. Zamu za egesangio, kile kikundi chetu cha wanawake cha kulima na kuvuna, leo kwa huyu kesho kwa yule, nilikuwa nazipanga mimi, zikabaki mikononi mwako bila mtu kukuuliza kama unaweza. Ilikuwa zamu ya kuvuna kwa Bibi Kwamboka, mkubwa kuliko sisi wote, na huku wimbi la Mama Nyaboke lilikuwa limekauka, linapukutika chini. Wanawake wote waliliona. Hakuna aliyethubutu kumwambia bibi asubiri. Wewe ulipita kwanza shambani kwa bibi, ukang'ata punje, ndipo ukaenda mlangoni kwake. Nilisimuliwa nikiwa kitandani.

"Magokoro, bibi yangu, wimbi lako bado linanyonya."

"Na wewe uliachishwa lini, unaninukia maziwa hapa mlangoni?"

"Jana jioni. Ndiyo maana nimekuja na njaa."

Wanasema alicheka mpaka akatafuta pa kuketi. Kisha ukamwambia bila kuzunguka kwamba la Mama Nyaboke linaanguka, kwamba unamwomba atoe siku yake, na kwamba zamu inayofuata itaanzia kwake, nawe utabeba maji ya wavunaji wote.

"Wewe mwenyewe? Si kumtuma mtoto wa watu?"

"Mimi mwenyewe, Magokoro."

Ukayabeba. Nilikukanda shingo kwa mafuta jioni yake, na sikukwambia chochote kwa sababu nilikuwa nikilia upande wa pili wa taa. Utajua sababu mbele kidogo.

Na lile lori la chai. Karani wako alikuwa akiwaambia watu tangu saa tisa, "Liko njiani, linakuja." Wanawake wameketi kwenye vikapu vyao na watoto mgongoni, giza linaingia. Ulivua viatu ukaifuata barabara mpaka ukalikuta limezama kwenye tope, ukarudi ukawaambia halitakuja leo na majani hayo hayatapimwa. Walikutukana. Mmoja alisema mtoto yatima amekuwa bundi. Lakini walikwenda nyumbani wakawalaza watoto, na karani ndiye aliyebaki pale peke yake na "linakuja" yake. Hukuniambia ulitukanwa. Niliambiwa sokoni.

Huko uendako mtachimba mitaro na kulaza mabomba, na mabwana watakuwa na ramani na maneno ambayo sisi wawili hatuyajui. Maneno utajifunza. Hili la kwenda kuangalia kwa macho, na kumkabili mtu na habari asiyoitaka, unalo tayari. Mimi sikuwa nalo. Au nilikuwa nalo nusu, na ile nusu ndiyo iliyotumaliza.

Nakuja kwenye josho.

Wewe ulikuwa mdogo, darasa la tatu. Mimi nilikuwa msichana tu, ingawa nilikuwa na mtoto na mume. Hata leo pale stendi ya Keroka wanadhani mimi ni dada yako, mgongo wangu ndio unaojua. Kupe walikuwa wanamaliza ng'ombe mlima huu wote. Watu wakakubaliana kuchimba josho lao wenyewe kwa harambee, na babu yako akachaguliwa kusimamia kazi kwa sababu alikuwa amechimba visima na vyoo vya nusu ya kijiji. Bwana mifugo aliwaambia sementi itatolewa akishaona shimo limekwisha, na akawatajia siku ya kuja. Ile siku ikawaingia watu kichwani. Walichimba asubuhi mpaka giza, Sabato peke yake ndiyo iliyowapumzisha.

Sisi wake wa nyumba hii tulikuwa tukipeleka uji na maji. Tulipita upande wa juu wa shimo, kando ya migomba. Siku moja nikaona ardhi imepasuka pale juu, ufa mrefu unaofuata ukingo wa shimo kama mtu aliyepiga mstari. Nilitua mtungi nikatia vidole. Viliingia vyote, na ndani kulikuwa na unyevu wa baridi. Chini yangu baba yako alikuwa akiimba na sululu yake.

Sasa huko Ukambani ukimweleza mtu habari hii atakuuliza, kwa nini hukupiga kelele? Kwa nini hukumwendea mzee ukamwambia? Watu wa kwetu hawatakuuliza. Wanajua ensoni, ile haya ya mkwe kwa mkwe. Wewe mwenyewe umeona: babu yako hajawahi kukanyaga ndani ya nyumba hii, hata mvua ikimkuta uani. Chakula chake nakiweka, natoka. Kumwambia baba mkwe kwamba kazi yake ina kasoro, mbele ya wanaume, tena mimi, ilikuwa kama kuvua nguo pale ukingoni. Usidhani niliogopa kupigwa. Hakuna mtu aliyewahi kunipigia kelele katika boma hili. Niliona haya, basi.

Kwa hiyo nilifanya kama inavyofanywa. Nilikwenda kwa nyanya yako nikamwambia, "Mama, ukuta wa juu umepasuka. Watoke leo."

Akaniangalia. "Umeolewa juzi, na leo unataka kumwambia mzee shimo lake ni bovu?"

"Sisemi bovu, mama. Nasema limepasuka."

"Nimesikia. Nitalipeleka."

Akalipeleka. Alimwita Onchari, baba yako mkubwa, kwa kuwa hakutaka kumkasirisha mzee siku za mbio kama zile. Akamwambia, "Wanawake wanasema udongo wa kule juu unawasumbua wakipita na maji." Onchari akamwambia baba yake jioni, wakirudi, "Wanawake wanaomba njia nyingine ya kupita."

Na babu yako, Kemunto, alituhurumia. Kesho yake alfajiri, kabla ya kushuka shimoni, alichukua panga na jembe akatukatia njia mpya upande wa chini, mbali na migomba. Aliikata peke yake. Alitia hata mawe mahali penye utelezi ili tusianguke na mitungi. Alipewa ombi, akalitimiza siku ileile.

Mimi nilipoiona njia nikashusha pumzi. Nikasema moyoni, amesikia. Ameuona ufa, ameupima, ameona wanaume wanaweza kuendelea, ila sisi tusipite juu. Ni mzee wa visima, anajua. Tangu hapo sikupita tena upande wa juu, kwa hiyo sikuuona tena ule ufa. Jioni nilimwuliza baba yako, "Mzee amesema nini habari ya ule ukuta?"

"Si amewakatia njia? Basi ameona." Akageuka akalala. Alikuwa amechoka.

Hiyo ndiyo nusu yangu niliyokuambia. Niliona, nikasema, kisha nikachukua njia iliyokatwa kwa ajili ya miguu yetu nikaifanya kuwa jibu la ufa. Sikurudi kumwuliza nyanya yako alisema maneno gani. Sikumwuliza Onchari. Ilikuwa rahisi kuuliza. Kuwauliza hao kusingevunja ensoni yoyote.

Ukuta ulianguka Ijumaa mchana, watu wakiharakisha kabla ya Sabato kuingia. Wengine walitolewa wakiwa na pumzi. Yaliyobaki unayajua. Labda usilolijua ni kwamba babu yako ndiye aliyemfikia baba yako, kwa mikono, kwa sababu alimkataza mtu yeyote kutumia jembe pale asije akamkata. Tazama kucha zake utakapokuwa karibu naye. Nyingine hazikuota sawasawa tena.

Siku ya mazishi nililia nikisema, "Nilisema. Mimi nilisema." Ulikuwa umeshika leso yangu. Wanawake walisikia, na wewe ukasikia. Tangu siku hiyo kijiji kizima kinajua kwamba mzee aliambiwa akakataa kutoa watu, na wewe umekua na neno hilo ndani yako. Sikulisahihisha. Mwanzoni sikujua kwamba si kweli. Baadaye nilijua.

Nilijua nyanya yako alipokuwa akiugua ugonjwa wake wa mwisho na mimi ndiye niliyekuwa nikimgeuza kitandani. Siku moja akasema akiwa ametazama ukutani, "Sikumwambia vile ulivyoniambia. Nilisema udongo unawasumbua." Hakuniomba msamaha wala sikumpa. Nilimpangusa nikaenda kuanua nguo. Nikamtafuta Onchari kwenye malisho nikamwuliza, naye akanipa sehemu yake bila kusita, maskini, kama mtu aliyeibeba miaka yote akingoja kuulizwa. Alidhani ni habari ya njia tu. Mpaka leo nadhani hajajua mwanzo wake.

Nikabaki na habari nzima peke yangu. Na nilikaa nayo, Kemunto, kwa sababu chuki yako kwa babu yako ilikuwa imeniacha mimi safi. Ulikuwa ukinikumbatia ukisema, "Wewe ulisema, mama." Nani angeitupa hiyo?

Kuna jambo moja ambalo hunijia hata nikichuma chai. Katika boma hili zima alikuwapo mtu mmoja ambaye ensoni haimgusi. Mjukuu hana ensoni na babu yake. Ulikuwa ukimkalia magotini ukimvuta ndevu, akikuita mke wangu, ukimwita mume wangu mzee asiye na meno. Siku chache kabla ya ule ufa ulimwambia mbele ya wanaume wote, "Sokoro, babu yangu, baba mkubwa anatetemeka. Ana homa, na wewe unamchimbisha tu." Wanaume walicheka. Yeye akamtoa Onchari shimoni palepale: "Mke wangu amesema. Nenda kalale." Ulikuwa na mimi siku ile ya ufa, umebeba kibuyu kidogo nyuma yangu. Ningekupa yale maneno yangu, ungeyatamka pale ukingoni kwa sauti yako ile ya kengele, na angeyasikia kama yalivyo. Sikukutuma. Nakuandikia wazi kwamba sikukutuma, usije ukasoma hapa kwamba wewe hukwenda. Nilidhani kazi ya mtoto ni kubeba kibuyu.

Huko kwenye mradi utakuwa mdogo wao wote, na mwanamke. Utasikia habari njema zikipanda haraka na mbaya zikipanda zimekatwa miguu. Wanaozikata hawatakuwa watu wabaya. Nyanya yako alikuwa mwema kwangu. Ukimpelekea bwana wako neno zito naye akafanya kitu, mwulize amefanya kwa sababu amesikia nini. Ukiletewa neno na wachimbaji kupitia kwa mtu wa tatu, vaa viatu umfuate wa kwanza. Sina zaidi ya hayo ya kukufundisha juu ya kazi, na haya nimeyalipia.

Sasa ya leo. Ulipokuwa umekwenda kuoga mtoni, shangazi yako alikuja kutoka nyumba ya juu, kwa babu yako. Akasema, "Mzee anaomba mke wake aende akamwage—" akasita, "aende wakaagane. Kifua kinambana. Anasema labda hawataonana tena."

Nikamwuliza, "Amesema hivyo hivyo?"

"Hivyo hivyo."

"Hakuna kingine?"

Akaanza kupanga kuni ambazo zilikuwa zimepangwa. "Mama Kemunto, wewe nawe."

"Nimekuuliza tu."

"Amesema kuna kitu anataka kumwuliza mtoto, kwa sababu hawezi kukuuliza wewe. Anataka kujua wiki ile ulisema nini. Anasema alikusikia kaburini ukilia kwamba ulisema, na kila mwaka anajiuliza ulimwambia nani. Mimi sikutaka kukuletea hilo, unavyoonekana umechoka."

Neno lilikuwa linakatwa tena, mwanangu, hapa mlangoni kwangu, kwa huruma ileile.

Basi mzee hajui. Miaka yote hii umepita mbele ya nyumba yake bila kumsalimia, na watu wamemtazama, na yeye amekuwa akilala na swali. Hakukataa onyo. Halikumfika. Na mimi siwezi kwenda kumwambia, hata sasa akiwa kitandani, hata sasa mkewe akiwa amelala ardhini. Nimejaribu kujiona nikifanya hivyo na miguu inagoma. Sijivunii, nakwambia ilivyo.

Kwa hiyo nakutuma. Kesho, kabla ya kwenda Keroka, panda nyumba ya juu. Keti karibu naye, si mlangoni. Mwambie nilichoona, nilichosema, nilimwambia nani, na neno lilivyobadilika kutoka mdomo hadi mdomo mpaka likawa njia. Mtaje mkewe. Mtaje Onchari. Nitaje mimi pia, kwamba niliiona njia nikanyamaza, na kwamba nimejua ukweli tangu ugonjwa wa nyanya yako na nimemwacha abebe lawama. Usinilinde kwa sababu mimi ni mamako. Najua itamwumiza. Huenda akafa na maumivu mapya badala ya yale ya zamani, na nimefikiria sana kama nina haki ya kumpa hayo. Lakini ameuliza. Mtu akiuliza mwenyewe, tukimpa nusu tutakuwa tumerudia kilekile.

Kama utabaki na hasira baada ya hapo, ibebe uende nayo, nitajua imeelekezwa kwangu na nitaipokea. Basi likikuacha, likuache, kuna la kesho kutwa. Waandikie umechelewa kwa sababu ya mgonjwa.

Mimi nitakuwa kwenye chai, upande wa mto, ambako nyumba yake haionekani. Ukishuka pitia huko. Akikutuma neno kwangu, niletee lote kama alivyolisema, hata likiwa baya. Asipokutuma neno, usinitungie.

Ni mimi mamako,
Nyanchama